Metotrekseti mara moja kwa wiki kwa baridi yabisi: inafanyaje kazi mwilini, na kwa nini foliki inaambatana nayo?

DirishaLaDawa_Majengo (Moshi)

Wakuu, habari za kazi. Vyeti vya metotrekseti kwa wagonjwa wa baridi yabisi vinazidi kuja hapa famasi. Nazungumzia ile inayovimbisha viungo vidogo vya vidole mikono yote miwili na kumwacha mtu amekakamaa asubuhi hata kumenya ndizi hawezi. Cheti cha kawaida kinasomeka: metotrekseti 15 mg kwa wiki, asidi ya foliki (vitamini) 5 mg kwa wiki, prednisoloni 5 mg kila asubuhi kwa muda.

Nataka majibu yatakayosimama mbele ya mgonjwa. Akisoma karatasi iliyomo ndani ya boksi anakuta dawa ya saratani, anairudisha. Aliyesoma kidogo anauliza: kama dawa hii inazuia foliki, mbona mnanipa foliki tena? Na mimi mwenyewe sijaunganisha vizuri jambo hili: dawa inatoka kwenye damu ndani ya siku moja hivi, inamezwa mara moja kwa wiki, halafu nafuu inasubiriwa miezi. Yote matatu yanakuwaje kweli kwa pamoja?

La mwisho ni bahasha. Tumezoea kuandika 1x3, 2x2. Nimeona bahasha ya metotrekseti imeandikwa 6x1. Mgonjwa yeyote wa nchi hii ataisoma hivyo hivyo: vidonge sita, mara moja kwa SIKU.

Mfamasia_Kaloleni (Arusha)

Ndugu yangu, hiyo 6x1 ndiyo hatari kubwa kuliko zote ulizotaja. Nitaifikia, lakini ukielewa kinachotokea ndani ya seli utaona mwenyewe kwa nini inaua.

Tuanze na saratani. Kwenye saratani metotrekseti hufika mamia ya miligramu na hata gramu kadhaa, kwa mshipa, mgonjwa akiwa wodini. Kwenye baridi yabisi ni 7.5 hadi 25 mg kwa wiki nzima. Kipimo kikubwa kinalenga kuua seli zinazogawanyika kwa kasi. Kipimo kidogo kinalenga kutuliza seli za kinga zilizocharuka, bila kuziua. Na matumizi haya si ya jana. Mwaka 1948 Sidney Farber wa Boston alichapisha matokeo ya aminopterini, ndugu wa karibu wa metotrekseti, kwa watoto wenye saratani ya damu. Mwaka 1951 Gubner na wenzake wakaeleza kwamba aminopterini hiyo hiyo inapunguza uvimbe wa viungo na magamba ya soriasisi. Marekani iliidhinisha metotrekseti kwa baridi yabisi mwaka 1988, na mpaka leo ndiyo dawa ya kwanza kwa wagonjwa wengi. Mwambie mgonjwa hivyo, bila kumficha kwamba inatumika pia kwenye saratani, maana ukificha ataikuta kwenye simu jioni na hatakuamini tena.

Sasa ndani ya seli. Metotrekseti inafanana na foliki kwa umbo, kwa hiyo inapita mlango ule ule. Ikishaingia, kimeng'enya kimoja kinaanza kuipachika glutamati moja baada ya nyingine mpaka inaota mkia. Ikishakuwa na mkia haitoki kirahisi. Kwenye damu, nusu ya dawa inaondoka kila baada ya saa 6 hadi 10 hivi, na sehemu kubwa inapita kwenye figo bila kubadilika. Ile yenye mkia inabaki ndani ya seli kwa wiki kadhaa. Dozi ya kila wiki inaongeza kidogo juu ya iliyobaki, na akiba hiyo ndiyo inayofanya kazi tunayoitaka. Ndiyo maana nafuu huanza kuonekana kati ya wiki ya 6 na ya 12, na kujua kama dawa imefaulu au imeshindwa huchukua miezi 3 hadi 6. Prednisoloni iliyo kwenye cheti chako ni ya kumvusha mgonjwa katika kipindi hicho: inatuliza uvimbe ndani ya siku chache, ila haifai kugeuzwa dawa ya kudumu.

Akiba inafanya nini? Metotrekseti yenye mkia inazuia kimeng'enya kinachoitwa ATIC, kilichomo kwenye mstari wa kutengeneza vijenzi vya DNA. Kikizuiwa, malighafi iliyotakiwa kupita hapo, AICAR, inarundikana. AICAR ikirundikana inazuia vimeng'enya vinavyovunja adenosini, na adenosini inaongezeka nje ya seli. Seli nyeupe zina vipokezi vya adenosini juu yake. Adenosini ikishika kipokezi aina ya A2A, seli inapunguza kutoa TNF, interleukini 6 na kemikali nyingine zinazoita wenzake kwenye kiungo. Uvimbe unashuka kwa sababu mwito umepungua. Hiyo si njia pekee inayojulikana, lakini ndiyo yenye ushahidi mwingi kwa kipimo kidogo.

Ukishika hapo, fumbo la foliki linafunguka. Madhara kama vidonda mdomoni, kichefuchefu na vimeng'enya vya ini kupanda yanatokana kwa kiasi kikubwa na seli kukosa foliki, hasa seli zinazojijenga kila siku: utando wa mdomo, utumbo, uboho. Foliki 5 mg kwa wiki inazilisha hizo. Kazi ya adenosini inaendelea kwa sababu dawa yenye mkia imeshajifungia ndani ya seli na ATIC bado imebanwa. Tafiti zilizolinganisha wenye foliki na wasio nayo zimeona madhara yanapungua na wagonjwa wengi zaidi wanaendelea na dawa, bila nafuu ya viungo kupotea kwa kiasi cha maana. Kwa hiyo foliki si hiari. Mgonjwa akikuambia "nipe ile kubwa tu, hii ndogo pesa haitoshi", mweleze kwamba hiyo ndogo ndiyo itakayomwezesha kuivumilia kubwa.

Na kwa nini isigawanywe kidogo kidogo kila siku? Uboho na utumbo hudhurika zaidi na MUDA ambao dawa ipo kwenye damu kuliko na wingi wake wa saa chache. Dozi moja ya 15 mg inapita, halafu seli zinapata siku 6 za kujijenga upya. Dozi ya kila siku, hata ndogo, inaondoa nafasi hiyo. Watu wamekufa kwa vidonge vya 2.5 mg vilivyomezwa kila siku badala ya kila wiki. Ni kosa linalojulikana dunia nzima.

Maabara_Pasua (Moshi)

Mfamasia kaeleza vizuri. Mimi naingilia upande wa vipimo, kwa sababu majibu ya maabara yanasomwa vibaya mara nyingi kwa dawa hii.

Kabla ya kidonge cha kwanza: picha kamili ya damu, ALT na AST (vimeng'enya vya ini), kreatinini (kipimo cha figo), homa ya ini B na C, VVU, na picha ya kifua. Homa ya ini B isirukwe. Kirusi kilicholala kinaweza kuamka kinga ikitulizwa, na ini ambalo tayari lina shida haliwezi kubeba dawa hii. Kreatinini isirukwe pia, kwa sababu figo ndiyo njia ya kutokea. Figo zikichoka, 15 mg inakaa mwilini kama dozi kubwa. Uwezo wa figo ukiwa chini ya mililita 30 kwa dakika dawa haitolewi, na chini ya 60 daktari anapunguza.

Baada ya kuanza: picha ya damu, ini na kreatinini kila wiki 2 hadi 4 kwa miezi 3 ya kwanza, na kila dozi inapopandishwa. Hali ikitulia, kila wiki 8 hadi 12.

Siku ya kutoa damu ina maana kubwa. ALT hupanda kidogo kwa siku moja au mbili baada ya kumeza, kisha hushuka. Mgonjwa aliyemeza Ijumaa akapimwa Jumamosi ataonekana ini limeumia, atasimamishiwa dawa bure. Apimwe siku moja au mbili kabla ya dozi inayofuata.

Namba zinazotakiwa kumsimamisha mtu na kumpigia daktari, kwa mwongozo wa Waingereza unaotumika sana: seli nyeupe chini ya 3.5, neutrofili (aina ya seli nyeupe) chini ya 1.6, chembe sahani chini ya 140 (zote ni bilioni kwa lita), ALT au AST juu ya 100, MCV (ukubwa wa seli nyekundu) juu ya 105, kreatinini kupanda kwa zaidi ya asilimia 30.

Na hapa naomba tuelewane. Waafrika wengi wana neutrofili chache kiasili, bila ugonjwa wowote, kwa sababu ya aina ya kundi la damu la Duffy tuliyorithi. Mtu mzima mwenye afya njema hapa Moshi anaweza kuwa na neutrofili 1.5 maisha yake yote. Mashine inapiga alama nyekundu kwa kipimo cha Ulaya, na mgonjwa ananyimwa dawa anayoihitaji. Tiba yake ni kipimo cha MWANZO. Ukijua alianza na 1.7, basi 1.5 ya leo haikushtui. Alianza na 4.0 leo ana 1.5? Hapo simamisha leo hii. Bila karatasi ya mwanzo huwezi kutofautisha hao wawili. Kwa hiyo dada au kaka wa dirishani, mwambie mgonjwa atunze karatasi zake zote kwenye mfuko mmoja na aje nazo kila mara.

Muuguzi_Kibosho

Asanteni wataalamu. Huku mlimani nitaulizwa mawili kabla ya yote: kahawa na mbege. Na kama mtu amesahau siku yake?

Mfamasia_Kaloleni (Arusha)

Kahawa ni swali zuri kuliko linavyosikika. Kafeini inafanya kazi kwa kuziba vipokezi vya adenosini, na nimeeleza juu kwamba metotrekseti inategemea vipokezi hivyo. Kwa hiyo kuna sababu ya kisayansi ya kuhoji. Tafiti kwa wagonjwa hazikubaliani: baadhi ziliona wanywaji wakubwa wa kahawa wanapata nafuu ndogo, nyingine hazikuona tofauti. Kwa ushahidi huo siwezi kumkataza mtu wa Kibosho kikombe chake. Anayekunywa vikombe vingi kwa siku na dawa haimsaidii baada ya miezi, apunguze kwanza kabla ya kutangaza kwamba dawa imeshindwa.

Mbege ni habari nyingine. Pombe na metotrekseti vyote vinaumiza ini, na vinajumlishana. Ya chupa angalau ina asilimia imeandikwa. Mbege inabadilika nguvu kutoka mpishi hadi mpishi na kutoka leo hadi kesho, hivyo huwezi kumpimia mtu "kata moja ni salama". Msimamo wangu ni aache. Asiyeweza kuacha kabisa amwambie daktari ukweli, ili ini lipimwe mara kwa mara zaidi. Anayekunywa kila siku hii si dawa yake.

Aliyesahau: ndani ya siku 2 anaweza kumeza, kisha anarudi kwenye siku yake ya kawaida wiki inayofuata. Zikipita siku 2, anaacha hiyo wiki. Kamwe asimeze dozi mbili kufidia. Akiba ndani ya seli inatosha kuvusha wiki moja bila ugonjwa kulipuka.

Kichefuchefu siku ya dawa: ameze usiku baada ya chakula. Daktari anaweza kuongeza foliki, au kugawa dozi mara mbili ndani ya siku HIYO HIYO, asubuhi na usiku. Kugawa kuna faida nyingine ikivuka 15 mg, kwa sababu utumbo hauwezi kufyonza kiasi kikubwa kwa mkupuo. Zaidi ya hapo sindano ya chini ya ngozi inafanya vizuri kuliko vidonge, ikipatikana.

Tabibu_Tengeru

Nyie wote mmegusa ini na wiki. Mimi nataka kuandika herufi kubwa neno moja, jina la antibayotiki: SEPTRIN.

Mgonjwa anaanzishiwa metotrekseti kwenye kliniki ya hospitali kubwa, anarudi kijijini. Mwezi wa tatu anasikia mkojo unachoma. Anaenda duka la dawa muhimu, anaambiwa ni UTI, anapewa Septrin siku 5. Hakuna aliyemuuliza anatumia nini kingine. Trimethoprimu iliyomo ndani ya Septrin nayo inazuia njia ya foliki, na sulfa yake inapunguza kasi ya figo kuitoa metotrekseti. Uboho unapigwa pande mbili kwa wakati mmoja. Ndani ya wiki moja au mbili seli nyeupe, nyekundu na chembe sahani zote zinaweza kuporomoka. Mchanganyiko huu umeua watu waliokuwa wanameza metotrekseti yao kwa usahihi kabisa.

Mwenye VVU anayetumia Septrin ya kinga kila siku yumo humo humo. Kliniki ya CTC na daktari wa viungo wazungumze kabla ya kuanza, si baada.

SP, dawa ya malaria, ni kundi lile lile: pirimethamini yake inazuia foliki, na sulfa imo. Malaria ikithibitishwa kwa kipimo, apewe dawa ya mseto, ambayo haigusi njia ya foliki. Kuna watu bado wananunua SP kwa mazoea, waulizeni. Diklofenaki na ibuprofeni si marufuku kwa kipimo kidogo cha metotrekseti, wagonjwa wengi wanazitumia pamoja, lakini mtu mzima mwenye figo dhaifu au anayeharisha na kutapika asiziguse. Kwa ujumla, akiwa na homa, anaharisha sana au yuko kwenye antibayotiki, wiki hiyo metotrekseti inarukwa mpaka apone.

Dalili za sumu huanzia mdomoni. Vidonda vyekundu ndani ya mashavu na kwenye ulimi, chakula chenye pilipili au limau hakimezeki, kisha kuharisha, kisha homa, kutokwa damu kwenye fizi au michubuko bila kugongwa. Watoa huduma wengi wanaona vidonda hivyo wanafikiri ni fangasi, wanatoa dawa ya kusukutua. Uliza swali moja tu: "Unameza vidonge vya viungo siku gani?" Akijibu "kila siku", umeshagundua tatizo. Simamisha dawa, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo kwa picha ya damu na kreatinini. Usimpe foliki ya kawaida ukadhani umemaliza. Foliki inahitaji kugeuzwa na kimeng'enya DHFR ndipo itumike, na metotrekseti ikiwa nyingi hivyo imekikalia kimeng'enya hicho. Kinachotakiwa ni asidi ya foliniki, ambayo inaruka hatua hiyo. Kwa kawaida huanza na 15 mg kila saa 6, hospitalini, kwa kufuata vipimo. Upande huu wa kaskazini pa kuulizia kwanza ni hospitali ya KCMC, Moshi, kwa kuwa wana kitengo cha saratani, na wanaotibu saratani ndio wanaoitumia zaidi.

Kikohozi kikavu na kukosa pumzi ni jambo la kusimamisha dawa pia. Metotrekseti inaweza kuwasha mapafu yenyewe. Inafanana na nimonia na inafanana na TB, na mtu aliyetulizwa kinga anaweza kuwa na TB kweli. Makohozi yapimwe, picha ya kifua ilinganishwe na ile ya mwanzo.

Ujauzito: inaharibu mimba na inaleta ulemavu kwa mtoto. Kipimo cha mimba kabla ya kuanza, uzazi wa mpango wa uhakika wakati wote. Anayetaka kushika mimba aache mapema kwa ushauri wa daktari. Miongozo inatofautiana kati ya mwezi 1 na miezi 3, lakini foliki aendelee nayo. Na anayetaka kusafiri nchi inayodai cheti cha homa ya manjano azungumze na daktari kabla ya kuchanjwa, kwa kuwa chanjo hiyo ina kirusi hai.

DirishaLaDawa_Majengo (Moshi)

Nawashukuru sana, daktari na wengine wote. Nimeandika maneno ya kubandika kwenye bahasha, naomba mnirekebishe kabla sijawapa wenzangu:

"METOTREKSETI 2.5 mg. Meza vidonge 6 kwa pamoja, MARA MOJA KWA WIKI, siku ya IJUMAA usiku. Siku nyingine usimeze. Foliki meza kidonge 1 siku ya JUMAPILI."

Mfamasia_Kaloleni (Arusha)

Umechagua siku vizuri. Jumatatu na Jumatano zikiandikwa haraka zinachanganywa, Ijumaa haichanganywi na kitu. Hata hivyo nina marekebisho.

Foliki itie kwenye bahasha yake yenyewe, usiiweke kwenye maelezo ya metotrekseti. Metotrekseti 2.5 mg na foliki 5 mg mara nyingi vyote ni vidonge vidogo vya njano, na mzee mwenye macho hafifu hawezi kuvitofautisha kwenye kiganja. Akivibadilisha atameza foliki 6 Ijumaa na metotrekseti 1 Jumapili: hatapata sumu, lakini viungo vitabaki vimevimba na daktari atampandishia dozi bure. Bahasha mbili, na ikiwezekana rangi mbili.

Ongeza kwenye bahasha: "Usitumie Septrin wala SP. Ukipata vidonda mdomoni, homa au kikohozi, acha dawa uje." Wa duka la dawa muhimu kijijini ataisoma hata kama mgonjwa hatasema.

Kabla ya kufunga, tazama nguvu ya kidonge. Kuna 2.5 mg na kuna 10 mg. Vidonge 6 vya 10 mg ni 60 mg. Famasi yako iweke moja tu rafuni, 2.5 mg, na ukiletewa boksi la 10 mg lirudishe.

Mwisho mgonjwa akueleze yeye kwa kinywa chake: siku gani, vingapi, na Jumamosi atameza nini. Jibu la Jumamosi liwe "simezi". Halafu toa vidonge 24 tu, vya wiki 4, hata kama cheti kimeandikwa miezi 3. Akirudi kuchukua vingine baada ya siku 4, usimpe. Mwangalie mdomo.